Bei ya Kila Neno Sokoni

Kwa miaka mingi nilikula mshahara wa Chicago kwa kazi ambayo jamaa zangu wa Mombasa hawakupata kuielewa. Wao walijua niko "kwenye hisa". Kwa kweli sikuuza hisa wala sikununua. Nilikuwa karani katika kampuni moja ya madalali wa fyucha, idara ya dhamana, na kazi yangu ilikuwa kutazama akaunti za wateja zikipanda na kushuka, kisha kumpigia simu yule ambaye fedha zake zimepungua chini ya kiwango. Walikuwamo wakulima wa mahindi wa Illinois waliokuwa wakijikinga na bei mbaya za mavuno. Lakini wengi niliowapigia walikuwa watu wa fahirisi za hisa: wananunua asubuhi, wanauza kabla ya jioni, kesho yake wanarudi tena.

Simu hizo ndizo zilizonisomesha biashara hii. Karibu kila niliyempigia aliizungumza lugha ya soko bila kukwama: tiki, marjini, stopu, spredi. Alichokosa ni hesabu iliyomo ndani ya kila neno. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye fyucha daftari huanzia kwenye istilahi zenyewe. Kila moja inaeleza nani analipa, kiasi gani, na lini. Anayelitamka neno bila kuijua tarakimu yake bado hajalijua.

Tuanze na bidhaa. Fahirisi ni namba inayopima bei za hisa nyingi kwa pamoja; S&P 500 hupima kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani. Mkataba wa fyucha juu ya fahirisi ni makubaliano ya leo kuhusu namba hiyo itakavyokuwa tarehe fulani ijayo. Siku ya mwisho ikifika hakuna anayekabidhiwa hisa. Watu hulipana tofauti kwa fedha, basi. Kwa masoko yaliyozoea magunia ya ngano na mahindi kukabidhiwa, jambo hilo lilikuwa bado geni. Soko la Kansas City lilitangulia Februari 1982 kwa fahirisi ya Value Line, na Chicago ikafuata Aprili mwaka huohuo kwa S&P 500.

Ili namba igeuke fedha, huzidishwa. Mkataba wa kwanza wa S&P 500 ulikuwa na kizidisho cha dola 500 kwa kila pointi. Fahirisi ilipopanda sana, mwaka 1997 kizidisho kilipunguzwa hadi 250, na mwaka huohuo ukazaliwa mkataba mdogo uitwao E-mini, dola 50 kwa pointi, unaouzwa kwa kompyuta. Mei 2019 ukaja mdogo zaidi, Micro E-mini, dola 5 kwa pointi. Fahirisi ikiwa 1,100, kama ilivyokuwa kwa muda katika mwaka 2010, E-mini mmoja ulibeba thamani ya dola 55,000. Ikipanda pointi moja mwenye mkataba amepata dola 50; ikishuka pointi moja amezipoteza.

Tiki ni hatua ndogo kabisa ambayo bei inaruhusiwa kupiga. Kwenye S&P 500 tiki ni robo ya pointi: dola 12.50 kwa E-mini, dola 1.25 kwa Micro. Fahirisi nyingine zina hesabu zake. E-mini ya Nasdaq-100 ni dola 20 kwa pointi na Micro yake dola 2. Ya Dow ni dola 5, na Micro yake nusu dola. Niliwaona wateja wakihama kutoka S&P kwenda Nasdaq kwa kuvutiwa na hiyo 20 iliyo ndogo kuliko 50, bila kufikiri kwamba Nasdaq husogea pointi nyingi zaidi kwa siku. Kizidisho peke yake hakikuambii hatari. Kizidishe kwanza kwa mwendo wa siku wa fahirisi yenyewe.

Kwenye skrini bei huwa mbili wakati wote: ile wanayotoa wanunuzi na ile wanayotaka wauzaji. Pengo kati yake ndilo spredi. Anayetaka kununua papo hapo hulipa ile ya juu, na anayetaka kuuza papo hapo hupokea ile ya chini. Mchana wa shughuli nyingi spredi ya S&P 500 huwa tiki moja tu, na watu huidharau. Lakini ukiingia na kutoka kwa haraka, bei isisogee hata kidogo, umeshatoa tiki moja, na kamisheni ya dalali bado inakusubiri.

Longi ni aliyenunua kwanza akitarajia bei ipande. Shoti ni aliyeuza kwanza akitarajia ishuke ili anunue baadaye kwa bei nafuu. Wageni hushangaa mtu atauzaje asichonacho. Kwenye fyucha hakuna ajabu, kwa sababu kila mkataba una pande mbili, mmoja akiahidi kununua na mwingine kuuza. Anachopata mmoja ndicho alichopoteza mwenzake, dola kwa dola, kabla ya gharama. Katikati yao husimama taasisi ya soko inayohakikisha kila upande unalipwa, nayo haikubali ahadi tupu. Ndiyo sababu ya idara yangu kuwepo.

Hapo tunafika kwenye marjini, neno lililonilipia kodi ya nyumba. Sisi wa Pwani tunaijua arubuni: unatanguliza fedha kidogo kwa muuzaji, na siku ya kukamilisha unapunguziwa kiasi hicho kwenye bei. Wateja wengi walidhani marjini ni hivyohivyo, kwamba wameshalipa sehemu ya kitu na kitu kimekuwa chao. Marjini haipunguzi bei ya chochote. Ni fedha zako zilizowekwa rehani ili hasara yako ya kesho iwe na pa kukatwa. Na kwa kuwa rehani ni ndogo kuliko thamani ya mkataba, kila mwendo wa bei hukuzwa. Mwenye dola 5,500 aliyeshika mkataba wa dola 55,000 amejipa nguvu mara kumi ya fedha zake: fahirisi ikishuka asilimia 1, yeye ameshuka asilimia 10. Hiyo ndiyo leveriji. Haichagui upande wa faida.

Kuna marjini ya kuanzia, ambayo lazima uwe nayo kabla ya kuingia, na marjini ya kudumisha, ambayo hutakiwi kushuka chini yake. Kila siku soko hutangaza bei rasmi ya kufungia hesabu; faida huingia kwenye akaunti na hasara hutoka jioni ileile, hata kama hujauza. Nakumbuka mteja mmoja, daktari wa meno kutoka mji mdogo wa Wisconsin, mtu mstaarabu sana kwa sauti. Nilimweleza kwamba akaunti yake imepungua na anatakiwa kuongeza fedha.

"Lakini sijauza bado," akanijibu. "Hasara si hasara mpaka uuze."

"Bwana, kwenye hisa unaweza kusema hivyo. Hapa fedha zimeshatoka. Mwenzako wa upande wa pili ameshalipwa."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ameshalipwa kwa pesa zangu?"

"Ndiyo. Tangu jana jioni."

Alikuwa ameshafanya biashara hii muda mrefu, na nilisikia kwa sauti yake kwamba ilikuwa mara ya kwanza kwake kuufikiria upande ule mwingine. Aliongeza fedha siku hiyo. Asingeongeza, sisi wenyewe tungeuza mikataba yake bila kumsubiri, kwa bei yoyote iliyokuwepo, na kama fedha zake zisingetosha angebaki na deni juu. Hilo nalo limo kwenye mkataba anaotia saini kila mteja: unaweza kupoteza zaidi ya ulichoweka.

Oda nazo ni tatu za msingi. Oda ya soko inasema: nipe sasa hivi, kwa bei yoyote iliyopo. Oda ya kikomo inasema: nipe kwa bei hii au nzuri zaidi, isipopatikana niache. Oda ya stopu hukaa kimya mpaka bei iguse kiwango ulichoweka, kisha hugeuka oda ya soko. Watu huitegemea stopu kwa sababu huzuia hasara isikue. Wengi husahau sehemu ya mwisho ya maelezo hayo: hugeuka oda ya soko. Stopu inaahidi kukutoa, haiahidi bei ya kukutolea.

Tarehe 6 Mei 2010 ndiyo iliyolifafanua neno hilo mbele ya macho yangu. Asubuhi soko lilikuwa na wasiwasi wa madeni ya Ugiriki. Baada ya saa saba na nusu mchana, saa za Chicago, mfuko mmoja mkubwa wa uwekezaji ulianza kuuza mikataba 75,000 ya E-mini kwa programu ya kompyuta iliyofuata kiasi cha biashara kilichopo bila kujali bei wala muda. Wanunuzi wakajitoa. Kuanzia saa saba na dakika 41, kwa muda wa dakika nne na nusu tu, E-mini ilishuka zaidi ya asilimia 5. Kwenye chumba chetu skrini ya akaunti zenye upungufu, ambayo kwa kawaida ilikuwa na mistari michache, ilijaa ikaanza kushuka ukurasa baada ya ukurasa. Simu zililia zote pamoja, na hatukujua tuanze na nani. Saa saba na dakika 45 na sekunde 28 mtambo wa soko ukasimamisha biashara ya E-mini kwa sekunde 5. Sekunde tano zilitosha wanunuzi kurudi, na bei ikaanza kupanda.

Mteja mmoja niliyeshughulikia akaunti yake jioni ile alikuwa longi, na stopu yake ilikuwa kwenye 1,070. Iliguswa, akauziwa kwenye 1,063. Pointi saba kwa dola 50 ni dola 350 kwa kila mkataba, juu ya hasara aliyokwisha kuikubali. Kuteleza huko kwa bei ndiko wenyewe hukuita slipeji. Nusu saa haikupita, bei ilikuwa imepanda juu sana ya pale alipouziwa. Alilalamika kwamba mtambo umemwibia. Nilimsomea maelezo ya oda yake neno kwa neno, na hakukuwa na kosa popote: oda ilifanya kile hasa alichoiagiza.

Miaka mitano baadaye, Aprili 2015, polisi wa London walimkamata Navinder Singh Sarao, mfanyabiashara aliyekuwa akiendesha biashara ya E-mini kutoka nyumbani kwa wazazi wake, na mwaka 2016 alikiri mahakamani Marekani kosa la kuweka oda kubwa za uongo ambazo hakukusudia zitimizwe. Waendesha mashtaka walisema alichangia mporomoko ule. Toka hapo nikawa nawaambia vijana waliojiunga na idara yetu kwamba ile orodha ya oda inayoonekana kwenye skrini ni tangazo la nia tu, na nia hufutwa kwa kubonyeza kitufe.

Sasa, biashara ya siku moja maana yake ni kufunga kila kitu kabla ya soko kufungwa, usilale na mkataba. Fyucha za fahirisi za Chicago huuzwa karibu saa 24, tangu Jumapili jioni hadi Ijumaa alasiri, zikipumzika saa moja kila siku. Lakini shughuli nzito iko pale soko la hisa la New York linapokuwa wazi. Kwa saa za Afrika Mashariki hiyo ni kuanzia saa kumi na nusu jioni hadi saa tano usiku, na Marekani wakirudisha saa nyuma wakati wa baridi yao, saa kumi na moja na nusu hadi saa sita usiku. Mikataba mikuu huisha Machi, Juni, Septemba na Desemba, Ijumaa ya tatu ya mwezi. Siku chache kabla ya hapo umati huhamia mkataba wa miezi mitatu ijayo, na anayebaki kwenye ule wa zamani hujikuta peke yake na spredi pana.

Kinachowavuta watu kwenye siku moja ni marjini ya mchana. Taasisi ya soko hudai rehani kamili kwa anayelala na mkataba, ila dalali anaweza kumpunguzia anayefunga siku hiyohiyo. Enzi zangu zilikuwepo kampuni zilizodai dola 500 tu kwa E-mini moja. Fanya hesabu: 500 kwa 50 ni pointi 10. Fahirisi ikiwa 1,100, mwendo usiofika hata asilimia 1 unamaliza rehani yote, na mwendo wa namna hiyo ni wa kawaida kabla ya chakula cha mchana. Leo wapo madalali wanaodai dola 50 kwa Micro. Nazo ni pointi 10 zilezile, ila sasa fahirisi imevuka 6,000. Ikitikisika sehemu moja ya mia sita, rehani imekwisha.

Niliporudi Mombasa nilidhani maneno haya nimeyaacha Chicago. Nikayakuta kwenye simu ya mpwa wangu.

"Mjomba, hii si ndiyo ile kazi yako?" akaniuliza, akinionyesha programu yenye mishumaa ya kijani na nyekundu. Juu imeandikwa "US 500".

"Umenunua kwa nani?"

"Sokoni."

"Soko lipi, mwanangu?"

Akaipekua simu juu chini asilione jina. Hakuwa na fyucha. Alikuwa na mkataba wa tofauti ya bei, ambao mteja hufunga na kampuni yenyewe. Bei hufuata fahirisi, lakini spredi hupangwa na kampuni, na mara nyingi kampuni hiyohiyo ndiyo mwenzake wa upande wa pili. Marekani kwenyewe hairuhusu wateja wa kawaida kuuziwa mikataba hiyo. Ulaya, wadhibiti walieleza mwaka 2018 kwamba asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za wateja wa kawaida hupoteza fedha. Kenya ina kanuni za madalali wa mtandaoni tangu 2017, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji huchapisha majina ya wenye leseni. Nilimwambia ahakikishe kwanza kama jina la kampuni yake limo. Nikamweleza pia kwamba fyucha halisi zipo hapa nyumbani: Soko la Hisa la Nairobi lilifungua sehemu yake ya fyucha Julai 2019, kwa fahirisi ya NSE 25 na hisa mojamoja kama za Safaricom na KCB.

Tukakaa barazani na daftari lake la chuo. Tukachukua mfano wa fyucha halisi: akaunti ya dola 2,000, mkataba mmoja wa Micro, mara kumi kwa siku. Tuseme kamisheni ya kwenda na kurudi ni dola 1.50, na spredi ni tiki moja, dola 1.25. Jumla dola 2.75 kila mara, 27.50 kwa siku, 550 kwa siku ishirini za kazi. Zaidi ya robo ya mtaji imekwenda kwa mwezi, na bado hatujasema kama alibahatisha upande sahihi au la. Aliihesabu mara mbili mwenyewe kwa kikokotoo cha simu.

"Kwa hiyo lazima nipate 550 ndiyo niwe sifuri?"

"Kila mwezi."

Watafiti watatu wa Brazil, Fernando Chague, Rodrigo De-Losso na Bruno Giovannetti, waliwafuatilia watu walioanza biashara ya siku kwenye fyucha za fahirisi nchini mwao kati ya 2013 na 2015. Katika wale walioendelea kwa zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza, na ni asilimia 1.1 tu waliopata zaidi ya kima cha chini cha mshahara. Nilipousoma utafiti huo sikushangaa hata kidogo. Hesabu ile ya barazani inatosha kueleza sehemu kubwa ya matokeo yao, na iliyobaki inaelezwa na marjini.

Sisemi biashara hii ni haramu wala ni utapeli. Mkulima wa Illinois na mfuko wa pensheni wana sababu nzuri za kuwepo pale, kwani wanalipa ili wapunguze hatari waliyonayo tayari. Kijana wa kwetu mwenye akiba ndogo anakwenda kuinunua hatari asiyokuwa nayo, kwa nguvu ya kukopa, dhidi ya kompyuta na watu wanaoishi kwa kazi hiyo. Akiamua kwenda, na aende akijua.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujatuma hata shilingi moja chukua karatasi ujaze haya kwa tarakimu: kizidisho cha mkataba wako ni ngapi, tiki moja ni shilingi ngapi, spredi na kamisheni kwa kila mzunguko ni kiasi gani, na kwa mwezi vinafika wapi, marjini yako inabeba pointi ngapi kabla ya kukatika, bei ikiruka stopu yako kwa pointi kumi utadaiwa nini, na nani yuko upande wa pili. Likibaki pengo hata moja, fedha zako zikae benki. Na akikujia mtu na kundi la WhatsApp linaloahidi faida ya kila siku, muulize swali moja tu: tiki moja ni shilingi ngapi? Asiyeweza kukujibu hapo hapo hafai kushika hela yako.